Rangi ya Gauni la Bi Ngazi

Jumapili, ikisha kusaliwa sala ya alasiri, wanawake wa mtaa wa Shela mjini Malindi hawakuwa na udhuru wa kuchelewa. Hata mwenye chungu mekoni alikiipua kabla hakijaiva, akajitanda buibui lake, akaelekea kwa Bi Mastura, mkewe Bwana Awadh muuza saruji na mabati. Humo ukumbini mlikuwa na televisheni ndani ya kabati la mvule. Madirisha yalifungwa, mapazia yakashushwa ili mwanga wa jua usiharibu picha, na watu wakakaa mikekani kwa daraja zao: jamaa mbele, majirani nyuma, na waliojikaribisha wenyewe wakasimama mlangoni.

Mchezo waliouendea ulikuwa wa Kizungu, nao ulihusu ukoo wa matajiri wenye meli na mashamba, watu wasiokuwa na kazi ila kula, kuoneana kijicho na kunyang'anyana urithi. Maneno yao hayakujulikana na wengi waliokuwapo, lakini hakuna aliyekosa kufahamu. Mwanamke akimtupia shemejiye jicho la pembeni, lugha ya nini tena? Mkubwa wa nyumba ile alikuwa mama mmoja mwenye nywele zilizosimama kama kichuguu. Jina lake halisi liliwashinda kulitamka, wakamwita Bi Ngazi, kwa sababu kila Jumapili mchezo ulianza kwa yeye kuteremka ngazi ndefu, polepole, gauni likimfuata nyuma kama mkia wa tausi.

"Haanguki huyu!" alisema Bi Nana kwa hasira, kama aliyedhulumiwa. "Mimi nimeteleza vidato vitatu tu vya kisima nikavunja ugoko wa mguu."

"Ataangukaje, Bi Nana, naye hana ndoo kichwani?"

Watu wakacheka. Mkwewe Bi Nana, Mahfudha, alicheka pamoja nao, lakini macho yake yalikuwa kwenye mishono. Huyu Mahfudha alikuwa fundi wa cherehani, mke wa Seif mpika halua, mwanamke mpole mwenye mkono mwepesi. Cherehani yake ilikaa katika chumba cha mbele cha nyumba ile ile ya Bwana Awadh, chumba chenye mlango wa kichochoroni ambacho Bi Mastura alimpa kwa kodi ndogo, tena kwa maneno mengi. Mtu akitaka kanzu, buibui au foronya, aliujua mlango ule. Fundi asiye na mlango ni fundi wa kuulizwa tu habari zake.

"Mnaliona gauni lile?" Bi Mastura alinyoosha kidole. "Basi hilo ndilo litakalokuwa sare yetu harusini kwa mwanangu. Mimi, dada zangu na mashangazi, watu kumi na wawili. Siku ya kumpamba bibi harusi tutaingia kama aingiavyo yeye."

"Ngazi mtaitoa wapi?" Bi Nana akauliza.

"Bi Nana, nyamaza. Mahfudha, mshono huu wauweza?"

"Nauweza, Bi Mastura."

"Na rangi yake?"

Hapo pakazuka mjadala. Mmoja alisema ni nyeupe. Mwingine akasema ni ya jivu. Wa tatu akaapa kuwa ni maziwa yaliyotiwa chai. Bi Mastura akawakata kauli. "Ni rangi ya fedha. Tajiri kama yule atavaa nini kama si fedha? Au waonaje, Mahfudha? Wewe ndiwe fundi."

Mahfudha alikuwa ameshika vitambaa kwa miaka kumi na miwili. Alijua vyema kwamba kioo kile cha televisheni hakikuwa na rangi hata moja. Katika kioo kile embe bivu na jani lake vilikuwa sawa, na hata bendera ya taifa ilipepea kwa rangi za majivu. Alijua kwamba katika ukumbi ule hakuna aliyejua, yeye wa kwanza. Lakini nyuso zote zilikuwa zimemgeukia, na mwenye chumba alikuwa anangoja.

"Ni fedha, Bi Mastura," akasema. "Fedha bila shaka yoyote."

Maneno matatu ya mwisho hakuna aliyemwomba. Mwenye kusema asilolijua huona neno moja halitoshi, akaongeza la kulikazia. Na hilo la kukazia ndilo limfungalo.

*

Atilasi ya rangi ya fedha ikaletwa kutoka Mombasa, jora zima, na Mahfudha akaishughulikia usiku na mchana. Zikiwa zimebaki siku kumi na tatu kabla ya harusi, magauni manane yalikuwa yamekwisha, yametundikwa ukutani yaking'aa kama samaki waliovuliwa sasa hivi.

Asubuhi ya Jumatatu akaingia Kahonzi. Huyu alikuwa mwanamke wa Kigiriama kutoka Ganda, mfuaji na mpigaji pasi katika hoteli moja kubwa iliyokuwa kusini ya mji, mtu wa kicheko cha karibu. Alikuwa amevaa sare yake ya kazi, gauni la manjano mepesi, na upindo wake ulikuwa umefumuka.

"Hodi, fundi. Nishonee hapa mara moja, nachelewa kazini. Yule msimamizi wetu akiona uzi unaning'inia, ataniona kama ninayening'inia mimi."

"Karibu. Simama hapo hapo, nikushonee ukiwa nalo."

Kahonzi akasimama. Macho yake yakatambaa ukutani, yakatulia, kisha akapiga makofi. "Mulungu wangu! Si gauni la yule mama wa kuteremka ngazi?"

"Nawe walijua?" Mahfudha akafurahi, sindano mkononi.

"Silijui vipi? Kila Jumapili wageni wakiwa baharini, sisi twamtazama kupitia dirisha la chumba cha mashuka. Umempata hasa! Mabega ndiyo yale, kiuno ndicho kile." Akakaribia, akashika atilasi kwa vidole viwili. "Ila mbona umemvika bati?"

"Bati gani? Hiyo ni rangi ya fedha. Kama yake."

"Yake?" Kahonzi akakunja uso, kisha akaushika upande wa sare yake mwenyewe, akaunyanyua mbele ya macho ya fundi. "Gauni lake ni rangi hii. Hii hii niliyovaa. Sisi kule humwita mwenzetu, twasema yule naye ni mfuaji, ila amepandishwa cheo."

Akacheka mpaka akajishika kiuno. Mahfudha hakucheka. "Kahonzi, una hakika?"

"Televisheni ya hoteli ni ya rangi, fundi. Kijani ni kijani, damu ni damu. Na yule mama ni manjano."

*

"Usiseme," alisema Seif wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa ametoka jikoni kwake kwenye halua, mikono yake ikinukia iliki. "Nani ataijua rangi? Malindi nzima inaona jivu. Jivu na fedha ni ndugu."

"Mombasa hawaoni jivu," Mahfudha akajibu. "Watu wa bwana harusi wanatoka Mombasa."

"Kwani kila mtu wa Mombasa ana televisheni ya rangi?"

"Mamake bwana harusi anayo. Bi Mastura mwenyewe ametusimulia mara saba."

Seif akatafuna polepole. "Basi ukisema, kosa litakuwa lako, na chumba kitakwenda. Usiposema, kosa litakuwa la televisheni."

Bi Nana alikuwa ameketi kizingitini na sahani yake mapajani. "Televisheni haikuulizwa," akasema. "Aliyeulizwa ni huyu, nami nilikuwapo. Aliulizwa, akajibu, tena akatia na nakshi. Mwanangu, wewe ukitia sukari pungufu kwenye halua, wamngoja mnunuzi ailambe ndipo umwambie?"

"Mama, halua ni halua."

"Na kweli ni kweli. Bi Mastura akiaibika mbele ya wakwe, chumba atakuachia kwa kukupenda? Kula, Mahfudha, kisha uende. Usiende na njaa. Mwenye njaa huomba msamaha kwa haraka, akasahau kueleza."

*

Bi Mastura alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa kitandani akipakwa hina miguuni, naye hakuusogeza hata unyayo mmoja.

"Yaani mfua mashuka," akasema, "ndiye atakayenijuza mimi nguo za matajiri."

"Yeye ameiona kwa rangi, Bi Mastura. Sisi hatukuiona. Nami niliposema ni fedha bila shaka, nilikuwa na shaka. Kosa ni langu, nimekuja kulisema kabla halijasemwa na wengine."

"Ulikuwa na shaka, nawe ukasema huna?"

"Nilitaka ufurahi."

"Nikafurahi!" Bi Mastura akamfukuza kwa mkono yule aliyekuwa akimpaka hina. "Sasa utaniambia nifurahi nini? Mamake bwana harusi ni mwanamke wa ulimi. Akija akaona tumeiga tusichokiona, atakisimulia kisa hiki Mombasa nzima, kutoka Kuze mpaka Kibokoni, na mwanangu ndiye atakayekwenda kukaa naye." Akavuta pumzi. "Lakini mimi sisadiki la kuambiwa. Jumapili tutakwenda."

"Wapi, Bi Mastura?"

"Huko kwenye mashuka."

*

Bwana Awadh hakuambiwa, kwa hiyo gari halikutumika. Wakaenda kwa miguu kwa njia ya nyuma. Bi Mastura, ambaye kwa muda wa miaka kadhaa hakuwa amekanyaga mchanga kwa zaidi ya hatua ishirini, alikuwa amevaa viatu vya kisigino kwa kuwa alikwenda hotelini. Mchanga ukavimeza, naye akafika langoni amevishika mkononi.

Askari wa lango aliitwa Randu, kijana wa heshima zake. Aliwaona wanawake wawili wa buibui, mmoja amechukua viatu mkononi, akawaonea huruma.

"Shikamooni, mama zangu. Poleni. Leo hawaandiki wafanyakazi. Njooni kesho saa moja asubuhi, mpitie mlango wa nyuma."

Mahfudha akatazama chini. Alisikia Bi Mastura akivuta pumzi ya mtu anayetaka kutaja jina la mumewe, na magari ya saruji aliyoiuzia hoteli ile ile. Lakini kulitaja jina kungekuwa kuipeleka habari nyumbani. Pumzi ikatoka bure.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Mastura. "Twamtaka Kahonzi."

Kahonzi akawapitisha mlango wa nyuma, kati ya mapipa ya taka na kamba za nguo, mpaka chumba cha mashuka. Chumba kilikuwa na joto la pasi na harufu ya sabuni, na wafuaji wengine watatu walikuwa kazini. Upande mmoja lilikuwako dirisha la kupitishia taulo, na ukiinama hapo uliuona ukumbi wa wageni, viti vitupu, na pembeni televisheni kubwa. Kahonzi akapindua tenga, akalifuta kwa kiganja. "Karibu, Bi. Kiti cha hapa ndicho hiki."

Bi Mastura hakuwa amekaa sawasawa alipoingia msimamizi, mama mnene aitwaye Easter. "Hawa ni nani?"

"Jamaa zangu, Mama Easter."

Easter akalitazama buibui la hariri, akamtazama Kahonzi wa Ganda, akaona udugu ule una safari ndefu. Lakini alikuwa na foronya mia mbili na wageni wa ndege waliofika saa sita. "Jamaa au si jamaa, hapa hapakaliwi na mikono mitupu. Watazame, lakini wakunje."

Ndivyo Bi Mastura, mke wa Awadh, alivyopewa rundo la foronya. Mahfudha alitaka kumpokea, akakatazwa kwa jicho. Kisha muziki ukalia, na wote wakainama dirishani.

Ngazi ikatokea, na zulia lake jekundu ambalo hawakuwahi kulijua. Taa zilikuwa za dhahabu, ukuta ulikuwa wa kijani, na maua waliyoyadhania miaka yote kuwa ya karatasi yalikuwa maua kweli. Kisha akateremka Bi Ngazi, kidato kwa kidato, na gauni lake lilikuwa manjano, manjano mepesi, sawa kabisa na migongo minne ya wafuaji waliokuwa mbele yao dirishani.

Mahfudha alimtazama Bi Mastura kwa pembe ya jicho. Bi Mastura alikuwa akikunja foronya moja ile ile mara ya tatu.

"Na nywele zake?" hatimaye akauliza kwa sauti ya chini.

"Nyekundu, Bi," alijibu Kahonzi. "Kama za nazi kavu."

"Na yule shemejiye ana macho ya kijani!"

"Tangu hapo, Bi. Ndiyo maana twasema si mtu wa kuaminiwa."

"Hee! Nami nilikuwa namtetea!" Bi Mastura akasogeza tenga mbele. "Hebu jivute, mwanangu, kichwa chako kinanizibia. Yule naye barua ile ameipata wapi?"

"Aliiba kwa wakili, wiki iliyopita."

"Niliona! Lakini kwetu barua na kitambaa cha mkono vyafanana, nikadhani anafuta jasho."

Mchezo ulipokwisha, foronya sitini na nne zilikuwa zimekunjwa, kona juu ya kona, na Easter mwenyewe akakiri kwamba hajapata kuona mkono mzuri kama ule. "Mama, ukitaka kazi kweli, nitakusemea," akamwambia. Bi Mastura akamshukuru kwa adabu zote, akavaa viatu vyake.

Njiani Bi Mastura alitangulia. Mahfudha akavumilia mpaka walipoyaona mapaa ya mtaa wao.

"Bi Mastura, magauni manne bado hayajashonwa."

"Yashone."

"Kwa rangi gani?"

"Kwani umekata nini? Si fedha? Basi yashone. Siku saba zilizobaki si za kurudi Mombasa kutafuta kitambaa." Akaenda hatua kadhaa. "Na habari ya chumba, tutazungumza harusi ikisha."

Usemi huo aliuchukua Mahfudha kifuani juma zima, akashona nao na kulala nao. Seif hakumlaumu, alimletea halua ya moto kila jioni, na hilo lilikuwa baya zaidi.

*

Siku ya kupamba, ukumbi ulijaa asumini na udi mpaka mtu akipiga chafya, chafya yenyewe hunukia. Wanawake wa Mombasa walikuwa wamekwisha kuketi kwenye mikeka ya mbele. Mahfudha hakuwa mgeni wala jamaa. Alipewa sinia la halua azungushe, akawa amesimama karibu na nguzo.

Vigelegele vikapigwa, na wale kumi na wawili wakaingia, Bi Mastura mbele, polepole, atilasi ikichukua mwanga wa taa na kuurudisha. Hata Bi Nana alisahau kusema neno. Mishono ilikaa juu ya wanene na wembamba kana kwamba kila mmoja alizaliwa nayo.

Mamake bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye meno mawili ya dhahabu, akainamisha kichwa upande, akalitazama gauni kutoka bega mpaka upindo. Alingoja vigelegele vitulie. Mwenye ulimi hujua kungoja.

"Mashallah, Bi Mastura," akasema, na sauti yake ikafika mpaka ukutani. "Gauni hili nalijua. Si la yule bibi wa televisheni, wa kuteremka ngazi? Lakini jamani, lake ni manjano! Au huku Malindi hamkuliona vizuri?"

Baadhi ya watu wa Mombasa wakafunika midomo kwa mitandio. Mahfudha alilishika sinia kwa mikono miwili.

Bi Mastura hakubadilika uso. Aliketi kwanza, akautandaza upindo wake taratibu.

"Tumeliona, dada yangu," akasema. "Tumeliona kwa rangi zake zote. Nimekwenda kwa miguu yangu, mimi na fundi wangu, tukaketi, tukamtazama yule mama kutoka juu ya ngazi mpaka chini. Ni manjano, umesema kweli. Na tena nywele zake ni nyekundu. Manjano yale na nywele zile! Nikasema, maskini wa Mungu. Ana meli, ana mashamba, ana nyumba yenye vidato arubaini, lakini hana mtu hata mmoja wa kumwambia kweli usoni." Akainua mkono, bangili zikalia. "Mimi ninaye. Yule pale, mwenye sinia."

Vichwa vyote vikageuka. Kwa kitambo kidogo hakuna aliyejua kama ni wakati wa kucheka. Kisha mamake bwana harusi mwenyewe akaachia kicheko kikubwa, meno ya dhahabu yakaonekana yote mawili, na vigelegele vikapasuka mpaka wapita njia wakasimama kichochoroni.

"Umeniweza, Bi Mastura. Wallahi umeniweza!" akasema akijifuta machozi. "Na fundi huyu duka lake liko wapi? Akihamia Mombasa mimi nitamtafutia chumba."

"Lake liko hapa hapa nyumbani kwangu, chumba cha mbele," Bi Mastura akajibu. "Na hahami."

"Basi kabla sijaondoka anipime. Nataka la fedha, kama haya."

Akasimama pale pale mbele ya watu, akanyoosha mikono yake miwili kama mtu aliyekamatwa. Mahfudha hakuwa na utepe wa kupimia. Akamkabidhi Bi Nana sinia, akafuta vidole vyake kwenye leso, akaanza kumpima kwa shibiri, kutoka bega mpaka kiganja, huku ukumbi mzima ukimhesabia kwa sauti.